Kumchagua wakala aliyesajiliwa wa kampuni yako ya Marekani ukiwa Nairobi

Katika majimbo mengi ya Marekani, kampuni, iwe LLC (kampuni ya dhima yenye mipaka) au ya hisa, sharti iwe na wakala aliyesajiliwa katika jimbo ilikofunguliwa. Kazi yake ni kukupokelea samansi za mahakama na barua za serikali ya jimbo, katika jengo lenye anwani ya mtaa, saa za kazi. Sisi tumezoea S.L.P., lakini huko sanduku la posta halitoshi: lazima awepo mtu wa kukabidhiwa hati.

Wengi hupima wakala kwa bei. Mimi nauliza hivi: bahasha ikifika kwa wakala huko Wilmington, Delaware, Jumanne, wewe uliye Umoja, Nairobi, utajua lini?

Hatua ya 1: Je, unaihitaji kampuni yenyewe? Kama unauza vyondo vya Kariokor na wateja wa Marekani wanakulipa bila shida, LLC itakuongezea ada na fomu tu. Ishia hapa, endelea na biashara yako.

Hatua ya 2: Jimbo kwanza, wakala baadaye. Delaware hutoza LLC dola 300 kila mwaka, mwisho tarehe 1 Juni, hata kama hukuuza chochote. Ukichelewa kuna faini ya dola 200 na riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi. Wyoming, ada ya ripoti ya mwaka huanzia dola 60. Malipo ya wakala ni kando. Sifa za Delaware zinawafaa zaidi wanaotafuta wawekezaji. Kwa duka dogo la mtandaoni sioni sababu ya kuzigharamia.

Hatua ya 3: Uliza habari za bahasha. Hapa usiharakishe. Waandikie mawakala kadhaa: samansi ikifika, mnaiskani siku hiyo hiyo? Mnatuma baruapepe tu, au mnapiga pia simu ya Kenya? Naweza kuandikisha watu wawili wa kujulishwa?

Sababu ni hii. Ukishtakiwa katika mahakama ya shirikisho, kwa kawaida una siku 21 za kujibu, na zinahesabiwa tangu wakala alipokabidhiwa hati, si tangu ulipoisoma. Ukinyamaza, mdai anaweza kuomba hukumu bila wewe kusikilizwa.

Kumbuka pia saa. Wilmington wakifungua ofisi saa tatu asubuhi, hapa ni saa kumi au kumi na moja jioni, kutegemea majira yao. Basi tuma maswali yako jioni uone nani anajibu, na anajibu nini. Anayemzungusha mtu ambaye bado hajalipa, akishalipwa itakuwaje?

Hatua ya 4: Tazama bei ya mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza mara nyingi ni bure ukifungulia kampuni kwao. Uliza pia kama kila barua inayoskaniwa ina malipo yake.

Hatua ya 5: Mtafute kwenye orodha ya jimbo. Delaware huchapisha orodha ya mawakala wake, na Wyoming huwasajili wale wa kibiashara.

Hatua ya 6: Linda malipo. Kadi ya benki ikiisha muda na ada isilipwe, wakala anaweza kujiuzulu. Delaware, usipoteua mwingine ndani ya siku 30, LLC yako inaweza kufutwa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, binamu yangu anaishi Delaware. Hawezi kuwa wakala wangu?*
Anaweza, mradi apatikane kwenye anwani hiyo saa za kazi. Ila anwani ya nyumba yake itakuwa wazi kwa umma, na akihama bila kukuambia, samansi itabisha mlango wa wapangaji wapya. Binamu wa Dallas, Texas, hafai kwa kampuni ya Delaware.

*Naweza kuipa benki anwani ya wakala?*
Dada, benki nyingi huikataa. Nambari 1209 North Orange Street, Wilmington, pekee imekuwa anwani ya kampuni zaidi ya 200,000, na benki zinalijua hilo. Wape anwani unakofanyia kazi kweli, hata kama ni Ngara.

*Wakala atanijazia kodi?*
Hapana, labda umlipe kwa huduma hiyo. Ukiwa mgeni mwenye LLC peke yako, kuna Fomu 5472 ya kodi ya Marekani inayoambatishwa na Fomu 1120, na adhabu ya kutoiwasilisha ni dola 25,000, hata kama hukupata faida. Pia kampuni inayoendeshwa na kudhibitiwa kutoka Nairobi huhesabiwa mkaazi wa Kenya kwa ajili ya kodi, kwa hiyo muone mhasibu kabla KRA haijakuuliza.

*Nikimchoka wakala, namwachaje?*
Teua mpya kwanza, hati ya mabadiliko ipokelewe na jimbo, halafu ndipo usitishe malipo ya yule wa zamani.