Namna ya Kumfikisha Mjamzito kwenye Huduma ya Dharura Bila Kupoteza Muda

Wataalamu wa uzazi hutaja ucheleweshaji wa aina tatu unaogharimu maisha ya wajawazito: kuchelewa kuamua kutoka nyumbani, kuchelewa kufika hospitalini, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Familia nyingi hujiandaa kwa ule wa pili tu, kwa kutafuta gari.

Uliza mapema kliniki ni hospitali gani ya umma inayofanya upasuaji na kuongeza damu, kwa maana kituo chenye kitanda cha kujifungulia na dawa muhimu huenda hakina huduma hizo mbili. Usiridhike kusikia kwamba chumba cha upasuaji kipo. Uliza kama mtaalamu wa usingizi huwapo usiku na siku za mapumziko. Fahamu kundi la damu la mama, na uwe na watu wawili walio tayari kuchangia.

Damu ikitoka, kichwa kikiuma sana huku macho yakiona ukungu, degedege ikianza, chupa ikipasuka kabla ya uchungu au mtoto akipunguza kucheza, ondokeni mara moja.

Mapokezini ndipo maneno yanapookoa au kupoteza dakika. Kusema "mgonjwa wetu yuko hoi" hakumsaidii muuguzi aliyezungukwa na wagonjwa wengine. Sema hivi: "Ana mimba ya wiki 38, damu ilianza saa nane usiku, ameshalowesha pedi tatu." Mkabidhi kadi ya kliniki mkononi, kisha uliza kwa heshima ni nani anayempokea. Mkipewa rufaa, omba barua inayoonyesha dawa aliyopewa na saa aliyopewa, na omba hospitali mnakokwenda ipigiwe simu kabla hamjaondoka. Mwenye kifafa cha mimba, yaani degedege inayotokana na presha ya ujauzito, anaweza kupewa dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, hapo hapo, ili asisafiri bila kinga.

Mtoto akishalia, ndugu hushangilia na wahudumu huitwa kwingine; kwa maoni yangu hapo ndipo macho yanapaswa kuwa makali zaidi, kwa sababu kuvuja damu baada ya kujifungua kunaweza kuua ndani ya saa mbili. Pedi ikilowa kabisa kwa muda mfupi, au mama akianza kutokwa jasho baridi na kuzungumza kwa shida, mwite mkunga papo hapo na umwonyeshe pedi yenyewe badala ya kuieleza. Asidi ya traneksamiki, mojawapo ya dawa za kupunguza damu hiyo, inapaswa kutolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua, hivyo kusubiri zamu ibadilike ni hatari.

Shirika la Afya Duniani hushauri mama abaki kituoni angalau saa 24. Kabla ya kuruhusiwa, omba presha ipimwe tena, hata kama haikuwahi kupanda wakati wa ujauzito, kwani kifafa cha mimba huweza kuanza baada ya kujifungua, mama akiwa tayari nyumbani.