Kupiga picha ya eksirei chembe za tope la Mto Mirongo zikiwa bado majini

Wengi wanaoniletea maji ya Ziwa Victoria hapa maabara wameshayachuja na kuyakausha, halafu wanauliza chembe za tope zimeshikanaje. Zikikauka hugandamana upya, kwa hiyo unachokiona ni mabonge ya sahani yako, si ya ziwani. Eksirei laini, yaani ile ya nishati ndogo, inakuondolea adha hiyo. Kati ya elektronivolti (kipimo cha nishati yake) 284 na 543 karboni huinyonya sana, ilhali maji huiachia ipite, mradi tabaka lake liwe jembamba.

Mashine yenyewe haipo Mwanza, inategemea sinkrotroni, mtambo mkubwa unaozungusha elektroni kwa kasi ili zitoe eksirei. Utaandika ombi la utafiti na kushindania muda kwenye mitambo kama ule wa Saskatoon, Kanada, au Berkeley, Marekani. Kibali cha kusafirisha sampuli anza kukifuatilia mapema. Nchi nyingi hazitaki udongo wa wageni.

Chota pale Mto Mirongo unapoingia ziwani, siku mvua imenyesha, kisha mwambie mwenye mtumbwi akusogeze mbele hadi maji yaache ukahawia, uchote tena. Suuza chupa ya plastiki mara tatu kwa maji yale yale, izamishe, na uifunge ikiwa bado chini ya maji. Isibaki hata povu moja! Hewa ikiingia, chuma iliyoyeyuka kutoka kwenye tope hugeuka kutu na kujipaka juu ya kila chembe. Mwaloni hapakosi barafu ya samaki, kwa hiyo chupa zikae baridi na gizani, ila zisigande: fuwele za barafu husukuma chembe zikashikana. Wauza sangara watakucheka unavyozifunika chupa za maji machafu kwa uangalifu. Waache.

Maabara, tikisa taratibu, kisha acha maji yatulie. Kwenye nyuzi 25, chembe ya mfinyanzi ya maikromita 2 hushuka sentimita 10 kwa saa 7 hivi. Nyonya kwa pipeti sehemu ya juu. Mwani utakuja nao, nao ni karboni, kwa hiyo uandike kwenye daftari.

Kazi ya mkono ndiyo hii sasa. Tone chini ya mikrolita 1 linakaa kati ya vidirisha viwili, yaani fremu ndogo zenye utando wa silikoni nitraidi, kila utando ukiwa na unene wa nanomita 100 hivi. Shika fremu kwa kibano, usiguse utando. Ukiguswa hupasuka kwa urahisi. Bana mpaka maji yabaki maikromita 1 au 2, futa pembeni, ziba kwa gundi. Iangalie kwenye hadubini ya kawaida: ukiona povu linatambaa kutoka ukingoni, gundi inavuja, tengeneza nyingine. Jizoeze hapa, lakini vya kupigia picha vitengeneze huko huko. Safiri na chupa.

Kwenye mtambo anza na karboni, kwa sababu eksirei yenyewe huvunja mata ogani, yaani mabaki ya viumbe, kadiri unavyoipiga. Piga kwa elektronivolti 280, kabla karboni haijaanza kunyonya, kisha 288.5, inaponyonya, utoe picha moja kwenye nyingine. Kinachobaki ni karboni: mboji iliyojipaka kwenye mfinyanzi, pamoja na ule mwani ulioandika. Chuma ifuate mwisho, 700 na karibu 710. Huko oksijeni ya maji imeshaanza kunyonya, na tabaka likiwa nene utapata picha nyeusi tupu.