Namna ya Kusoma Fedha za Kimataifa katika Shahada ya Kwanza

Wanafunzi wengi huingia katika somo la fedha za kimataifa wakitarajia kufundishwa kutabiri bei ya dola, na wiki chache baadaye hujikuta mbele ya majedwali ya hesabu za nchi nzima wasijue yamehusianaje na walichokifuata. Ni vyema matarajio hayo yawekwe kando mapema. Mwaka 1983 wanauchumi Richard Meese na Kenneth Rogoff walionyesha kwamba nadharia za wakati ule, zilipotumiwa kutabiri viwango vya ubadilishaji fedha vya muda mfupi, hazikumshinda mtu anayesema tu kwamba kiwango kitabaki kama kilivyo leo. Kazi ya somo hili ni nyingine: linaonyesha jambo gani haliwezi kutokea bila jambo jingine kubadilika, na anayelisoma kwa jicho hilo huona sura zake zote zikiungana.

Maandalizi yake ni ya kawaida: uchumi wa jumla, misingi ya uhasibu, takwimu, na hisabati ya kutosha kukokotoa thamani ya leo ya fedha zitakazolipwa baadaye. Kama masomo hayo hujayapita, yatangulize.

Anza na urari wa malipo, yaani hesabu ya miamala yote kati ya nchi na dunia ya nje, na ukae hapo kwa muda mrefu kuliko ratiba ya mhadhiri inavyoruhusu, kwa sababu ndiyo sura inayorukwa zaidi na ndiyo inayobeba nyingine zote. Kila muamala kati ya wakazi wa nchi na wageni huandikwa mara mbili. Kampuni ikiuza nje bidhaa za dola 100 na kulipwa kupitia akaunti yake iliyo katika benki ya kigeni, mauzo huingia katika sehemu ya urari iitwayo malipo ya kawaida (biashara, mapato na misaada), na ongezeko la mali iliyo nje huingia katika sehemu iitwayo akaunti ya fedha (mali na madeni). Chukua daftari, ubuni miamala kumi ya namna hiyo, kuanzia mkopo, msaada na gawio hadi ununuzi wa hati fungani, kisha uiandike yote mpaka pande mbili zilingane. Ukimaliza zoezi hilo utaelewa kwa nini nchi yenye nakisi katika malipo ya kawaida lazima iwe inakopa, inauza mali zake kwa wageni au inapunguza akiba yake ya fedha za kigeni, na kwa nini nakisi hiyo hiyo ni tofauti kati ya akiba ya taifa (mapato yake yasiyotumiwa) na uwekezaji wake. Mwanasiasa anayeahidi mtaji mwingi kutoka nje pamoja na ziada kubwa katika malipo ya kawaida kwa wakati mmoja, huku akiba ya benki kuu na uwekezaji wa raia ng'ambo vikibaki palepale, ameahidi kisichowezekana.

Baada ya hapo nenda kwenye uhusiano wa riba na viwango vya ubadilishaji. Usikariri kanuni yake. Ijenge mwenyewe kwa tarakimu. Tuseme euro moja inauzwa dola 1.10 leo, riba ya mwaka ni asilimia 5 kwa dola na asilimia 3 kwa euro. Bei ya euro katika mkataba wa kukabidhiana fedha baada ya mwaka mmoja inapaswa kuwa 1.10 mara 1.05 gawanya kwa 1.03, yaani takriban dola 1.121. Benki ikikubali kununua euro kwa dola 1.15 katika mkataba huo, mtu anaweza kukopa dola 1,100, kuzigeuza kuwa euro 1,000, kuziweka benki zikawa euro 1,030, na kuziuza kwa dola 1,184.50 wakati deni lake ni dola 1,155 tu. Faida isiyo na hatari ya dola 29.50 huvutia wengine, na wao ndio wanaoirudisha bei mahali pake. Badilisha riba na bei mara kadhaa, ikiwa ni pamoja na kuweka gharama za muamala, mpaka uweze kueleza kila hatua bila kutazama kitabu. Uhusiano wa bei za bidhaa na thamani ya fedha usomwe kwa tahadhari zaidi, kwani huonekana vizuri katika miaka mingi na kwa nchi zenye mfumuko mkubwa wa bei, lakini huyumba sana katika miezi michache.

Sehemu inayonivutia zaidi mimi ni ile inayotokana na kazi za wanauchumi Robert Mundell na Marcus Fleming, ambayo inasema kwamba nchi haiwezi kuwa na kiwango cha ubadilishaji kisichobadilika, uhuru wa mtaji kuingia na kutoka, na riba inayopangwa kwa mahitaji ya ndani pekee, vyote vitatu kwa pamoja. Hapa historia ni nyenzo ya kazi. Tarehe 16 Septemba 1992 Uingereza ilipandisha riba kutoka asilimia 10 hadi 12 na kutangaza 15 siku hiyo hiyo ili kuitetea pauni, na jioni ikajitoa katika mfumo wa Ulaya wa viwango vya ubadilishaji, uliotaka sarafu za wanachama zisiyumbe kupita mipaka iliyowekwa. Tarehe 2 Julai 1997 Thailand iliacha kuitetea sarafu yake, baht, baada ya kampuni nyingi za ndani kukopa dola za muda mfupi bila kujikinga dhidi ya kushuka kwa baht. Kwa kila tukio, andika ukurasa mmoja unaojibu maswali haya: nchi ilitaka vitu gani viwili kati ya vitatu, urari wa malipo ulionyesha nini kabla, na nani alikuwa na deni la fedha ya nani. Mfumo wa Bretton Woods wa mwaka 1944, uliofunga sarafu kwa dola na dola kwa dhahabu, na uamuzi wa Marekani wa Agosti 1971 wa kusitisha ubadilishaji wa dola kwa dhahabu vinafaa kusomwa kwa maswali hayo hayo.

Upande wa kampuni, yaani kukinga hatari ya fedha za kigeni na kutathmini miradi iliyo nje, huwa mwepesi kwa aliyekwisha kuzoea hesabu za riba zilizotangulia.

Takwimu za Shirika la Fedha la Kimataifa, Benki ya Dunia na benki kuu hupatikana bure mtandaoni, basi chagua nchi moja na uifuatilie kwa muhula mzima, ukipakua urari wake wa malipo, akiba yake, riba na kiwango cha ubadilishaji. Utakapofika wakati wa kuandika tasnifu, swali litakuwa limejitokeza lenyewe katika jedwali hilo, mara nyingi katika mwaka ambao tarakimu mojawapo ilihama na nyingine ikakataa kuifuata.