Figo kutoka kwa ndugu: mambo ya kupanga mapema ukiwa ughaibuni

Mtu ambaye figo zake zinaelekea kushindwa kazi anapaswa kuulizia upandikizaji kabla hajaanza kutegemea mashine ya kusafisha damu, ambayo kwa kawaida humhitaji mgonjwa mara 3 kwa wiki, takribani saa 4 kila mara. Wengi wetu tulio ughaibuni husubiri daktari alitaje jambo hilo mwenyewe, na hapo ndipo muda unapopotea. Nchini Marekani, mgonjwa mtu mzima aliyeandikishwa kwenye orodha ya wanaosubiri figo anaweza kuanza kuhesabiwa muda wa kusubiri mara kiwango cha uchujaji wa figo zake kinaposhuka hadi mililita 20 kwa dakika au chini yake, hata kama hajasafishwa damu hata siku moja. Huko huko, kwa miaka mingi ilitumika kanuni iliyokipandisha kiwango hicho kwa mgonjwa Mweusi, hivyo figo zake zikaonekana nzima kwenye karatasi kuliko zilivyokuwa mwilini, naye akachelewa kuingia kwenye orodha. Mfumo wa upandikizaji uliipiga marufuku kanuni hiyo mwaka 2022, na mwaka 2023 hospitali zikatakiwa kurekebisha muda wa walioathirika. Kama uliandikishwa kabla ya hapo, omba jibu la maandishi kuhusu muda wako, na utafute majibu yako ya zamani ya kreatinini, yaani taka ya kwenye damu inayopimwa ili kujua figo zinachuja kiasi gani, hata yale ya hospitali uliyokwisha kuhama, kwa kuwa hayo ndiyo ushahidi.

Figo ya mtu aliye hai kwa kawaida hudumu zaidi ya ile ya marehemu, na mwenye afya njema anaweza kuishi na figo moja. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa, mjini Boston mwaka 1954, ulifanywa kati ya ndugu pacha wa kufanana, na hadi leo familia ndiyo inayotazamwa kwanza. Ugumu wetu ni kwamba ndugu huyo mara nyingi yuko nyumbani na atahitaji viza. Uingereza inamruhusu mtoaji wa kiungo kuingia kama mgeni, ilimradi awe na uhusiano wa damu au wa karibu na mgonjwa, na awe na barua ya hospitali isiyozidi miezi 3 inayothibitisha kuwa anafaa au bado anaendelea kupimwa. Kwa sababu barua hiyo hupitwa na wakati upesi, ni heri ndugu apimwe kwanza huko aliko: kundi la damu, shinikizo la damu, sukari, protini kwenye mkojo, virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Inasikitisha mtu kukusanya nyaraka zote kisha kugundulika kuwa ana shinikizo la damu ambalo lingeonekana kwa kipimo cha dakika 5. Kundi la damu lisipooana, msikate tamaa, kwani nchi kadhaa zina mpango wa kubadilishana, ambapo mtoaji wenu humpa mgonjwa wa familia nyingine na mtoaji wao akampa wenu.

Mtoaji atahojiwa peke yake, bila mgonjwa kuwepo, kwa kuwa kununua au kuuza kiungo ni kosa la jinai. Mahojiano hayo mimi nayaona kuwa ni kinga yake: mdogo aliyesomeshwa na mgonjwa huenda asiweze kusema hapana mbele ya ukoo mzima, lakini akimwambia mhoji faraghani, hospitali inaweza kusema tu kwamba hafai, pasipo kutaja sababu.

Kuhusu kutoa viungo baada ya kifo, sheria hutofautiana. England tangu Mei 2020 humhesabu mtu mzima kuwa amekubali asipokataa, isipokuwa makundi machache, wakiwemo walioishi huko chini ya miezi 12. Marekani huhitaji ujiandikishe. Kokote uliko, waambie wa nyumbani uamuzi wako, kwa maana wao ndio watakaoulizwa.

Baada ya upandikizaji, dawa za kupunguza kinga ya mwili hunywewa kwa muda wote figo hiyo inapofanya kazi. Takrolimasi ya kawaida, mojawapo ya dawa hizo, hunywewa kila baada ya saa 12, kwa hiyo kabla ya safari mwombe mfamasia akupangie ratiba inayozingatia tofauti ya saa. Balungi hupandisha kiwango chake kwenye damu, ilhali rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hukishusha sana. Chanjo ya homa ya manjano ina kirusi hai, hivyo haifai kwa anayetumia dawa hizi. Ichanjwe angalau wiki 4 kabla ya upasuaji, au daktari akuandikie cheti cha msamaha wa chanjo hiyo. Cheti hicho, barua inayotaja dawa zako na dawa zenyewe zikae kwenye mkoba wa mkononi, kwa kuwa begi la mizigo linaweza kuchelewa siku 3 na dozi haiwezi kulisubiri.