Minyoo fundo kwenye nyanya: tumia mbegu za mwarobaini mapema

Nyanya zikinyauka mchana wakati udongo bado una unyevu, usikimbilie kumwagilia. Ng'oa mche mmoja, uoshe mizizi. Ukikuta manundu yaliyovimba kwenye mzizi wenyewe, hiyo ni kazi ya minyoo fundo, yaani minyoo midogo sana ya udongoni inayoshambulia mizizi. (Kwenye maharage usichanganye: vinundu vyenye faida hubanduka kwa ukucha, na ndani vina rangi ya waridi.)

Mbegu za mwarobaini zina nguvu kuliko majani. Zikaushe kivulini, zitwange, loweka gramu 50 kwa kila lita ya maji usiku kucha, kisha chuja kwa kitambaa. Mwagia shinani jioni, kwa sababu jua huiharibu haraka azadiraktini, ile kemikali inayofanya kazi. Usiweke akiba, tengeneza ya kutosha siku hiyo tu.

Mizizi ikishaharibika sana, dawa hii haiwezi kuiokoa. Faida yake kubwa iko kitaluni na wakati wa kupandikiza, mizizi ikiwa bado michanga. Baada ya mavuno, ng'oa mashina yote pamoja na mizizi, yachome. Yenye manundu yasiingie kabisa kwenye mboji.