Tumbo na Matatu: Jinsi ya Kutumia Tiba ya Kisaikolojia

Ukiogopa tumbo likuchafukie ndani ya matatu, anza na daktari. Damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu, au kuhara kunakokuamsha usiku: hayo yanataka vipimo, na vipimo haraka. Ukikutwa na ugonjwa wa Crohn, ule wa kuvimba utumbo, endelea na dawa zako. Mwanasaikolojia atakusaidia kuishi nao, lakini hawezi kuutuliza utumbo uliovimba.

Mimi nina IBS, yaani utumbo unaosumbua bila vipimo kuonyesha umeharibika. Vipimo vyote safi, tumbo bado linakata. Nauza kava na chaja Luthuli Avenue, nakaa Githurai, kwa hivyo kila asubuhi lazima nipambane na Thika Road. Mama aliposikia nimetumwa kwa mwanasaikolojia aliuliza kama nimechizi. Nilimweleza hivi: utumbo una neva zake, unawasiliana na ubongo kila dakika, na ukiogopa kuharisha ndani ya matatu, hofu hiyo hiyo inaukoroga.

Unapotafuta mtaalamu, hakikisha amesajiliwa; sheria ya Kenya ya mwaka 2014 inadai hivyo. Muulize kama anafanya tiba ya fikra na tabia (CBT), na kama amewahi kushughulikia watu wa tumbo. Akikueleza tu upunguze mawazo, mshukuru, utafute mwingine. Ipo pia hipnosisi ya tumbo, yaani kutulizwa kwa maneno hadi utumbo nao utulie, ambayo daktari Peter Whorwell na wenzake wa Manchester, Uingereza, walichapisha jaribio lake mwaka 1984, ila kumpata anayeifanya ni kibarua.

Kazi yenyewe iko kwenye ngazi, yaani kuizoea hofu hatua kwa hatua. Andika kila unachofanya kwa sababu ya hofu. Orodha yangu: kutoka bila chai, kukaa kiti cha mlangoni, kidonge cha kuzuia kuhara mfukoni hata siku tumbo limetulia, kukariri vyoo vyote vya kulipia vya mjini. Kisha panga safari za kuyaacha hayo moja moja, rahisi kwanza. Jumapili saa nne, barabara wazi, panda Githurai ushuke Roysambu. Ukizoea, fika Allsops. Baadaye mjini, ukiwa kiti cha nyuma dirishani. Mwisho kabisa, Jumatatu asubuhi, foleni, na chai na mandazi tumboni.

Kila hatua irudie hadi ikuchoshe. Tumbo likibana, usikimbilie kugonga bodi makanga akushushe. Weka kiganja juu ya kitovu, vuta hewa puani ukihesabu 4, mkono uinuke, toa polepole ukihesabu 6. Makanga ataendelea kupiga kelele, jirani atakutazama, mwache atazame. Mbano huja kama wimbi, hupanda kisha hushuka, na unachojifunza ni kuuona ukishuka ungali umekaa. Kabla na baada, andika hofu yako kati ya 0 na 10 kwenye simu, umpelekee mtaalamu. Yeye anafanyia kazi namba hizo kuliko simulizi.

Siku ukilemewa, shuka, tafuta choo, na kesho rudia hatua iliyotangulia. Pesa zikiwa shida, omba vikao vya simu, au vya kila wiki mbili.