Usiunganishe majedwali ya metaboliti kwa majina

Ukichukua orodha moja ya metaboliti (molekuli ndogo zinazotokana na kazi za kikemia za mwili) kutoka HMDB na nyingine KEGG, hifadhidata mbili zinazoziorodhesha, usizioanishe kwa jina. Kitu kile kile kimoja huitwa asidi ya sitriki huku, sitreti kule, na kompyuta itakuhesabia viwili. Namba za utambulisho nazo hazifanani: kwa KEGG ni C00158, kwa HMDB ni HMDB0000094.

Tumia InChIKey, msimbo wa herufi unaotokana na umbo la molekuli yenyewe. Wa asidi ya sitriki ni KRKNYBCHXYNGOX-UHFFFAOYSA-N. Herufi 14 za mwanzo zinaeleza atomu zilivyoungana, kipande cha kati kinabeba mpangilio wake angani, na herufi ya mwisho inahusu protoni. Ndiyo maana sitreti iliyopoteza protoni tatu huishia na K badala ya N, mengine yote yakibaki vilevile. Basi oanisha kwa herufi hizo 14 kwanza. Ila hapo alanini ya L na ya D, ambazo ni kama mkono wa kulia na wa kushoto, zitaonekana kitu kimoja, kwa hiyo kama tofauti hiyo ni muhimu kwako, ongeza kipande cha kati.

Na uzito peke yake usikudanganye (huwadanganya wengi). Lusini na isolusini ni asidi amino mbili tofauti, lakini zote ni C6H13NO2, uzito 131.0946, na hauzitenganishi hata mashine ya kuupima (spektromita ya masi) iwe kali namna gani. Linganisha na spektra za vipande (alama za molekuli ikivunjwa) kwenye hifadhidata ya MassBank, na muda wa kutoka kwenye safu ya kromatografia, inayotenganisha molekuli kabla ya kupimwa, ukiupima pamoja na sampuli halisi ya kiwango.